Kuosha Mipira ya Bia: Matayarisho Kwanza



Katika karatasi hii tumezoea kuandika juu ya mishahara, juu ya saa za kazi, na juu ya matajiri wanaofukuza watu bila barua. Leo twaandika juu ya jerikeni. Ni jerikeni la plastiki linalokaa chini ya kaunta au nyuma ya mlango wa stoo katika baa za Thika na Ruiru zinazouza kegi, na ndani yake mna dawa ya kuoshea ile mipira inayopitisha bia kutoka kwenye kegi mpaka kwenye mfereji. Wengi wenu mnalijua. Wengi wenu mmetumwa kulitumia usiku, baada ya mteja wa mwisho kutoka, kwa mikono mitupu, na kwa maneno haya tu: "Osha mashine kabla hujaenda."

Chama kinasema kwamba hiyo si kazi ya kumalizia siku. Ni kazi kamili. Yafaa iwe na saa yake, malipo yake, maji yake na nguo zake, na mahali ambapo vitu hivyo vinne havipo jerikeni lisifunguliwe.

Tusisikiwe vibaya. Hatusemi kwamba mipira isioshwe. Bia ni chakula, na hamira na ukungu huota ndani ya mpira hata kama kwa nje waonekana safi. Baada ya siku chache bia huanza kuwa chachu, na ukoko mgumu hushika kwenye mfereji. Uingereza wenye baa huambiwa waoshe kila siku 7, na Marekani kila siku 14. Hapa kwetu mteja akipewa mugi yenye ladha ya siki hamwoni mwenye baa, amwona aliye kaunta, na yeye ndiye anayetukanwa na pengine kukatwa pesa ya bia iliyomwagwa. Kwa hivyo usafi wa mipira ni faida yetu pia.

Tena kegi ndiyo riziki ya watu wengi wa mwendo wetu. Senator ilipoletwa mwaka 2004, serikali iliiondolea kodi ili mtu mwenye shilingi chache aache pombe za sumu kama ile iliyoua watu zaidi ya 100 katika Nairobi mwezi wa Novemba mwaka 2000. Kodi ilipopandishwa mwaka 2013 bei ilipanda, wanywaji wakakimbia na baa nyingi za kegi zikafungwa. Mnajua basi kwamba biashara hii ina faida nyembamba. Na faida ikiwa nyembamba, kitu cha kwanza ambacho tajiri hukipunguza ni glavu.

Sasa tuseme habari ya dawa yenyewe, kwa maana tumeona watu wakiiita "sabuni ya mashine". Si sabuni. Dawa nyingi za kazi hii zimetengenezwa kwa kostiki soda au kwa ndugu yake wa potasi, na nyingine zimetiwa klorini juu yake. Ukiigusa kwa kidole utahisi utelezi kama wa sabuni, nawe utafikiri mkono umekuwa safi. Utelezi huo ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayogeuka kuwa sabuni. Mara nyingi haiumi mara moja, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu asiyeumia hakimbilii maji. Tone moja likiingia jichoni laweza kulipofusha, na kostiki huendelea kula ndani kila dakika ambayo haijaoshwa.

Kuna mambo matatu ambayo twaomba kila mwanachama ayajue hata kama hataosha mpira maisha yake yote.

La kwanza, maji hutangulia na dawa hufuata. Ukitia maji juu ya kostiki, hasa ile ya unga au ya vipande, huchemka ghafula na kuruka usoni. Weka maji baridi kwenye ndoo, kisha tia dawa polepole, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye jerikeni. Dawa nyingi za maji hupimwa kama sehemu 2 katika 100, maana yake mililita 200 katika ndoo ya lita 10. Lakini fuata karatasi ya dawa yako, usifuate yetu. Kuongeza dawa "ili ishike vizuri" hakusafishi zaidi, huongeza madonda na huongeza kazi ya kusuuza.

La pili, usichanganyie kwenye sufuria. Hili twalisema kwa nguvu kwa sababu kila jikoni ya Kenya ina sufuria, na sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kostiki hula alumini, na vikikutana hutoa moto na gesi inayoweza kuwaka. Tumia ndoo ya plastiki, iandike kwa rangi isiyotoka, na isitumiwe kwa kazi nyingine hata siku moja. Isiwe ndoo ya kuoshea mugi leo na ya dawa kesho.

La tatu, dawa mbili zisikutane. Ipo dawa ya asidi inayotumiwa mara chache kwa mwaka kutoa ule ukoko mgumu. Asidi ikikutana na dawa yenye klorini, au na Jik, hutoka gesi ya klorini, ile ile ambayo Wajerumani waliifungulia katika vita huko Ubelgiji mwaka 1915. Vita hiyo ilipiganwa uwanjani chini ya mbingu. Stoo ya baa ina dirisha moja, na pengine limezibwa kwa makreti.

Kisha kuna habari ya chupa. Jerikeni la lita 20 ni zito, kwa hivyo mtu hujaza dawa kidogo katika chupa ya soda, aiweke karibu na mkono. Dawa nyingine ni nyeupe kama maji, nyingine ina rangi kama ya kinywaji. Yule aliyeijaza huondoka saa tano ya usiku. Yule anayefungua siku ya pili haoni dawa, aona soda. Tusidhani jambo hili ni la watu wasiosoma. Mwaka 2014, katika jimbo la Utah huko Marekani, unga wa kostiki wa kusafishia uliingia katika sukari ya mgahawa kwa sababu mfanya kazi alidhani ni sukari. Baadaye sukari hiyo ikatiwa katika chai ya barafu, na mama mmoja wa miaka 67 akainywa, akaungua mdomo na koo. Alipona kwa matibabu marefu. Katika baa hatari hiyo ni karibu zaidi, maana dawa yenyewe hupitishwa ndani ya mpira ule ule wa bia na hutokea kwenye mfereji ule ule wa bia. Mtu akija akakinga mugi wakati dawa ingali imelala ndani, atakinga kostiki.

Ndiyo sababu twasema matayarisho ndiyo kazi. Kuosha kwenyewe ni dakika chache za kupitisha na nusu saa ya kungoja. Mengine yote ni ya kabla.

Anza na maji. Katika mitaa mingi ya Ruiru, na Thika pia, mfereji hautoi maji kila siku, na sote twaishi kwa majerikeni. Basi tupige hesabu. Kipimo wanachokiweka Marekani kwa mashine ya kuoshea macho ni karibu lita 1 na nusu kila dakika, kwa dakika 15 bila kukatiza. Hiyo ni zaidi ya lita 22. Jerikeni moja la lita 20 halitoshi hata kwa jicho la mtu mmoja, na madaktari wengi hutaka kostiki ioshwe kwa dakika 20 au zaidi. Twadai basi majerikeni mawili ya maji safi, yamejaa, yamefunikwa, yamewekwa mahali pa kufikika bila kupanda makreti, pamoja na jagi safi. Maji hayo si ya kusuuza mipira wala ya kupiga deki. Ni ya macho. Maji ya kusuuza yahesabiwe mbali, na siku ambayo hayapo, mipira haioshwi siku hiyo. Bia ya chachu yaweza kumwagwa, lakini jicho halina kegi nyingine stoo.

Baada ya maji, nguo. Miwani inayofunika jicho pande zote, si miwani ya jua. Glavu za mpira zinazofika karibu na kiwiko, zisizotoboka. Zijaribu kwa kuzijaza maji, na kama zinavuja zitupe. Aproni ya plastiki, na gambuti au viatu vilivyofungwa, suruali ikiwa nje ya gambuti ili dawa isiteremke ndani. Dada zetu wengi wa kaunta hufanya kazi kwa ndara kwa sababu wamesimama tangu jioni na miguu imevimba. Twaelewa. Lakini kwa saa hii moja ndara zikae kando.

Halafu gesi. Fungeni mtungi kwanza, ndipo mtoe kile kichwa kinachofungwa juu ya kegi, na mtoe msukumo uliobaki ndani ya mpira kabla ya kufungua kiungo chochote. Gurudumu la gari dogo lina msukumo wa kama mara 2 ya hewa. Mtungi wa kaboni dioksidi uliojaa una zaidi ya mara 50. Usimame wima na ufungwe kwa mnyororo ukutani. Gesi yenyewe haina harufu wala rangi, ni nzito kuliko hewa, hukaa chini kama maji katika shimo. Mahali palipofungwa mtu huanza kuumwa kichwa na kuhema haraka, kisha huanguka, na mwenzake akiingia mbio kumvuta huanguka juu yake. Kwa hivyo mlango na dirisha viwe wazi kabla ya kuanza, na mtu asiwe peke yake. Ukimkuta mwenzako ameanguka katika stoo, usiingie. Piga kelele, fungua kila kilicho wazi kufunguka, ita msaada.

Funika kila mfereji utakaooshwa kwa mfuko, na utundike kibao: DAWA NDANI, USIKINGE. Kiandikwe kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, na kiwe na picha ya mfupa wa kichwa kwa ajili ya asiyesoma na kwa ajili ya mlevi. Mwambie kila aliye ndani, hata kama ni askari wa mlango.

Juu ya kuosha kwenyewe hatutasema mengi. Suuza bia itoke kwa maji, pitisha dawa, iache kwa muda ulioandikwa na usizidishe, kisha suuza kwa maji mengi. Usivute mpira kwa mdomo kama wanavyovuta petroli. Usionje maji ili ujue kama dawa imekwisha; kwa kazi hiyo kuna vikaratasi vinavyogeuka rangi. Chovya kimoja katika maji ya kawaida na kingine katika maji yanayotoka kwenye mfereji wa bia, na mpaka vifanane endelea kusuuza. Ikiwa dawa yako ni ile ya zambarau, usiridhike kwa sababu rangi imekwisha kuonekana. Kikaratasi ndicho shahidi.

Na kama imekwisha kutokea? Kwenye ngozi, vua nguo iliyolowa na umwage maji mengi, usipake maziwa, mafuta wala ndimu. Kwenye jicho, fungua kope kwa vidole na umwage maji polepole kwa dakika 20 kwa saa, si kwa kukisia, kisha hospitali. Aliyeinywa asitapishwe, kwa maana ilichochoma ikishuka itakichoma tena ikipanda. Asukutue mdomo na apelekwe mara moja. Chukueni jerikeni lenyewe, au karatasi yake, mpaka Thika Level 5 au hospitali yoyote iliyo karibu, ili daktari asikisie ni sumu gani.

Sasa tuwageukie matajiri, kwa maana wapo watakaosema kwamba chama kinaleta masharti ya kigeni. Zamani wangeweza kusema hivyo. Sheria ya viwanda iliyoanza kutumika Septemba 1951 iliangalia mahali penye mashine na mitambo, na mtu wa baa hakuwa na habari nayo. Mwaka 1990 ilipanuliwa ikachukua mahali pengine pa kazi, na mwaka 2007 Bunge likatunga Sheria ya Usalama na Afya Kazini inayofunga kila mahali ambapo mtu ameajiriwa, hata chumba kimoja chenye kegi moja. Sheria hiyo yamtaka mwajiri atoe nguo za kukinga kwa mtu anayeshika kitu cha kudhuru, pamoja na glavu, viatu na miwani inapohitajika. Yamkataza kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika juu ya hatari. Nawe mfanya kazi yakutaka uitumie miwani uliyopewa, usiitundike msumarini.

Kuna pengo moja katika sheria hiyo ambalo lazima tulitaje. Kamati ya usalama yalazimishwa mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Ni baa ngapi za Ruiru zina watu 20? Viwanda vya Thika vinayo kamati, na mashamba makubwa vivyo hivyo, lakini weita watatu na mtu wa kaunta hawana. Kwao kamati ni tawi. Kwa sababu hiyo tunataka katika kila baa yenye wanachama, hata wakiwa wawili, mmoja wao awe mtunza jerikeni: ajue dawa gani imeletwa, asome karatasi yake, na atuletee jina lake liandikwe ofisini.

Wengine hutuuliza, osheni saa ngapi basi, kama si usiku? Jibu liko katika sheria ya vileo ya mwaka 2010 ambayo matajiri huilalamikia sana. Iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana Jumamosi, Jumapili na sikukuu, zikafungwa saa tano usiku. Asubuhi yote baa ni tupu. Kuna mwanga, hakuna mteja wa kukinga mugi kwa makosa, duka la dawa liko wazi, na matatu ya kwenda hospitali ipo. Saa nne asubuhi yatosha. Lakini aliyefunga baa saa tano usiku, akafika nyumbani karibu na saa saba, hawezi kuitwa saa nne bila malipo na akaambiwa ni msaada kwa tajiri. Saa hiyo iandikwe katika kitabu cha kazi na ilipwe kama saa nyingine, na zamu ibadilishwe ili asiwe yule yule kila juma. Kama tajiri aona ni ghali, aite fundi anayejua kazi hiyo amlipe yeye, hatutagombana.

Jambo la mwisho ni kwa wale ambao wameumia wakanyamaza. Sheria ya fidia, nayo ya mwaka 2007, yamtaka mwajiri awakatie wafanya kazi bima, na akishapewa habari ya ajali aipeleke kwa Mkurugenzi wa usalama kazini katika siku 7. Ikiwa ni kifo, katika saa 24. Hawezi kupeleka habari ambayo hakupewa, na akitaka kukana atasema hakupewa. Mpeni kwa maandishi siku ile ile, hata kama ni mistari miwili kwenye karatasi ya daftari, na nakala moja mbaki nayo. Andikeni tarehe, saa, jina la dawa, na jina la aliyewatuma. Asiyeweza kuandika aje katika ofisi ya tawi, katibu atamwandikia bila malipo.

Kwa juma hili twaomba jambo moja tu kutoka kwa kila mwanachama wa baa. Nenda stoo mchana, tazama kama kuna chupa ya soda yenye kitu ndani ambacho hukijui. Usiinuse wala usiimwage. Vaa glavu, iandike HATARI, iweke mbali na kaunta, umwite mwenye baa aione kwa macho yake, kisha utuletee habari.